Uhakiki, Ukaguzi au Uthibitishaji? Istilahi za Programu Huria katika Simu za Mkononi

Utangulizi

Ofisi ya istilahi huletewa maswali ya namna nyingi. Mengi yanauliza neno ambalo halimo katika Kiswahili, na hayo, ingawa yana ugumu wake, hupatiwa jibu. Yaliyo magumu zaidi ni yale yahusuyo neno ambalo tayari lipo, linatumika kila siku, lakini limepewa kazi isiyo yake. Makala haya yametokana na swali la namna hiyo ya pili, ambalo niliulizwa na mwalimu mmoja wa sekondari katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto.

Mwalimu huyo hufundisha biolojia katika kata iliyo mbali na mji. Huko mawasiliano ya intaneti hupatikana mtu akiwa juu ya kilima, na hupotea ateremkapo bondeni. Kijana mmoja aliyepata kusoma katika shule hiyo alichukua programu ya simu ya maswali na majibu, ambayo msimbo wake uko wazi kwa watu wote. Akaibadili lugha yake ikawa Kiswahili, akaingiza istilahi za biolojia za Kiingereza pamoja na maelezo yake ya Kiswahili, kisha akawapa walimu. Programu hiyo haikupata kuwekwa katika duka lolote la programu. Walimu huirushiana kutoka simu moja hadi nyingine, na wanafunzi huitumia nyumbani katika simu za wazazi wao.

Baadaye ukafika waraka mfupi wa tahadhari, ulioandikwa na mtumishi mmoja kwa nia njema kabisa. Waraka huo ulisema: "Programu ambazo hazijahakikiwa ni hatari na zisitumike." Mwalimu akaniuliza: "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa maneno. Hii ya kwetu tumeisoma mstari kwa mstari, na makosa yake tumeyasahihisha wenyewe. Sasa haijahakikiwa na nani?"

Swali hilo halihusu shule moja tu. Kanuni mpya za simu zinakuja, na zitatufikia kwa lugha. Ikiwa wafasiri watazipa majina yasiyofaa, wananchi watazielewa visivyo, na kazi nzuri za watu zitaitwa hatari kwa sababu ya neno.

Kanuni zenyewe

Tarehe 25 Agosti 2025, kampuni ya Google, ambayo ndiyo msimamizi wa mfumo wa Android, ilitangaza kwamba kila programu itakayosakinishwa katika simu za Android zilizoidhinishwa na kampuni hiyo itapaswa kutoka kwa msanidi ambaye utambulisho wake umethibitishwa. Msanidi ni mtu au taasisi itungayo programu. Kwa mujibu wa tangazo hilo, utekelezaji ulipangwa kuanza Septemba 2026 katika nchi nne, nazo ni Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea katika nchi nyingine kuanzia mwaka 2027. Kanuni hiyo haihusu duka la kampuni hiyo peke yake. Inahusu pia programu zipatikanazo katika maduka mengine, katika tovuti, au kwa kurushiana.

Ili kuelewa jambo hili, inafaa kwanza kujua programu ya simu inavyosafiri. Msanidi akishamaliza kazi yake huifunga katika furushi moja. Furushi hilo hupewa jina lake la pekee, na hutiwa saini ya kidijiti kwa ufunguo wa siri ambao msanidi anao. Simu hutumia saini hiyo kujua kwamba toleo jipya limetoka kwa mtu yule yule aliyetoa toleo la kwanza, na kwamba hapana aliyelichezea njiani. Kwa miaka mingi saini hiyo haikulazimika kuambatana na jina la mtu anayejulikana na kampuni. Ufunguo ulitosha.

Kanuni mpya inadai mambo mawili zaidi. Kwanza, msanidi aeleze jina lake la kisheria, anwani yake, barua pepe na namba ya simu, na pengine atoe nakala ya kitambulisho cha serikali. Pili, asajili jina la kila furushi na kuthibitisha kwamba ufunguo wa furushi hilo ni wake. Akaunti ya kawaida hulipiwa ada ya dola 25 za Kimarekani. Wanafunzi na wale watungao programu kwa kujifurahisha wamewekewa akaunti ya namna nyingine, ambayo programu zake zinaweza kusakinishwa katika simu chache tu. Aidha, Novemba 2025 kampuni ilitangaza kwamba itaweka njia maalumu kwa watumiaji wenye uzoefu ambao wako tayari kubeba wenyewe hatari ya kusakinisha programu zisizosajiliwa. Usakinishaji kwa kuunganisha simu na kompyuta kwa waya nao haukufungwa.

Sababu iliyotolewa ni ulaghai. Kampuni ilieleza kwamba, kwa uchunguzi wake, programu zenye madhara zitokazo katika vyanzo vya intaneti nje ya duka lake ni zaidi ya mara 50 ya zile zipatikanazo ndani ya duka. Sababu hiyo haifai kupuuzwa. Wapo watu waliopoteza akiba zao kwa sababu ya programu moja tu iliyojifanya kuwa ya benki.

Anayethibitishwa ni mtu, si kazi yake

Hata hivyo, msomaji azingatie kwamba utaratibu huu unamtazama msanidi, na hauisomi programu yake. Kampuni yenyewe iliufananisha na kuonyesha kitambulisho katika uwanja wa ndege, jambo ambalo ni mbali na ukaguzi wa mizigo. Abiria aliyetambuliwa anaweza bado kuwa na kitu kibaya katika sanduku lake.

Sisi tunao mfano wetu ulio karibu zaidi. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza nchini Tanzania usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zilianza kuzimwa. Wananchi walihimizwa kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa majina yao. Usajili huo una faida, kwa maana mhalifu anaweza kutafutwa. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajapokea, baada ya usajili huo, ujumbe usemao "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Laini ilisajiliwa, ujumbe uliopitia katika laini hiyo haukukaguliwa na mtu.

Mfano wa pili unatoka Usambara kwenyewe. Magogo na mbao za misitu hupigwa chapa kwa nyundo maalumu ya maofisa misitu kabla ya kusafirishwa. Chapa hiyo humwambia mkaguzi wa barabarani kwamba mti ulivunwa kwa halali. Haimwambii fundi seremala kama ubao umeliwa na wadudu au umepinda. Fundi aliye makini hutazama chapa, kisha huugeuza ubao na kuukagua. Hizo ni kazi mbili, na kila moja ina mtu wake.

Programu huria na mahali inapoguswa

Programu huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi yake ya asili kama yalivyoandikwa na msanidi, uko wazi, na leseni yake inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Harakati hizi zilipata sura yake mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU nchini Marekani. Leseni kuu ya mradi huo ilitolewa mwaka 1989. Kiini cha mfumo wa Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni cha aina hiyo, na ndicho Android yenyewe iliyojengwa juu yake.

Kiswahili kimenufaika na uhuria huo. Mwaka 2004 mradi wa KILINUX wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za kiofisi kwa Kiswahili. Wafasiri wake hawakulazimika kusubiri kampuni iridhike kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko lenye faida. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliruhusu, wakafanya.

Kanuni mpya haikatazi programu huria. Miradi mikubwa yenye ofisi na mwanasheria itajisajili na kuendelea. Wanaoguswa ni wengine. Wa kwanza ni wasanidi wa kujitolea, ambao pengine hawataki kuikabidhi kampuni ya nchi ya mbali anwani ya nyumbani na nakala ya kitambulisho kwa sababu ya kazi wanayoigawa bure. Wapo miongoni mwao waandikao programu za kulinda mawasiliano ya siri katika nchi ambako kujulikana jina ni hatari.

Wa pili ni maghala ya programu huria. Ghala lijulikanalo zaidi, F-Droid, lilianzishwa mwaka 2010. Ghala hilo huuchukua msimbo ulio wazi, huuchunguza, huijenga programu upya kutokana na msimbo huo, na kwa programu zake nyingi hutia saini kwa ufunguo wake. Septemba 2025 F-Droid lilieleza kwamba haliwezi kuwalazimisha wasanidi wajisajili, wala haliwezi kuyachukua majina ya mafurushi yao na kuyasajili kuwa yake. Kwa maoni yake, kanuni hiyo ikitekelezwa kama ilivyotangazwa itaumaliza mradi huo kwa sura tunayoijua.

Wa tatu ni yule kijana wa Usambara. Abadilipo maneno machache katika programu ya mwingine, hupatikana furushi jipya lenye saini mpya, na kwa hiyo yeye sasa ndiye msanidi wa kutambuliwa. Anaweza kuwapelekea wenye mradi masahihisho yake, na hilo ni jema. Anaweza kufungua akaunti ya wanafunzi, mradi simu zisizidi kikomo. Lakini ile ruhusa iliyo katika leseni, ya kubadili na kumpa jirani bila kuomba kwa mtu, inabaki katika karatasi na kupungua katika simu. Kwa lugha kama yetu, ambayo tafsiri nyingi za programu zimefanywa kwa haraka na zina makosa, ruhusa ya mwalimu kusahihisha neno na kuligawa si jambo dogo.

Maneno yaliyopo na kasoro zake

Sasa turudi katika waraka ule. Kitenzi "kuhakiki" kina kazi tatu zinazojulikana. Katika fasihi, kama kila mwalimu ajuavyo, uhakiki ni kuisoma kazi ya sanaa kwa makini, kuichambua na kuitolea hukumu. Mhakiki asiyesoma kitabu si mhakiki. Katika utumishi wa umma, uhakiki ni kulinganisha maelezo na ushahidi wake. Hivyo ndivyo ulivyokuwa uhakiki wa vyeti vya watumishi, ambao taarifa yake ilitolewa Aprili 2017. Katika simu, kama tulivyoona, kuhakiki laini ni kutazama imesajiliwa kwa jina la nani.

Asomaye "programu iliyohakikiwa" huchukua maana ya kwanza au ya pili: mtaalamu ameisoma, ameilinganisha, ameiona njema. Hakuna lolote kati ya hayo lililofanyika. Kwa upande mwingine, asomaye "programu isiyohakikiwa" hudhani kwamba hapana aliyeitazama, ilhali programu huria ndiyo pekee ambayo mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuihakiki kwa maana kamili ya neno hilo. Neno limemvika sifa asiyestahili na kumvua astahiliye.

Neno "vyanzo visivyojulikana", ambalo simu hulionyesha mtu anapotaka kusakinisha programu ya nje ya duka, lina kasoro ya namna hiyo hiyo. Halisemi visivyojulikana na nani. Mwalimu anamjua kijana wake, na wazazi wake, na nyumba yao. Asiyemjua ni mwenye duka.

Neno "bure" nalo lina mashaka yake. Kiingereza hutumia neno moja kwa huru na kwa bure, na wanaharakati wa huko walitumia maneno mengi kueleza tofauti. Sisi hatuna sababu ya kuazima tatizo hilo. Tunalo "huria", ambalo wananchi wamelizoea katika "soko huria" na "Chuo Kikuu Huria". Programu inaweza kupatikana bure na isiwe huria. Inaweza pia kuwa huria na ikauzwa.

Mwisho, neno "kifurushi" tuliache. Kampuni za simu zimekwisha kulichukua kwa muda wa maongezi na intaneti ununuliwao kwa pamoja. Kwa faili la programu "furushi" linatosha.

Mapendekezo

Utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Usambara panatukumbusha matunda ya utaratibu huo. Neno "kitivo", tunalolitumia kwa idara kuu za chuo kikuu, hutajwa kuwa limetoka katika lugha za Upareni na Usambara, likiwa na maana ya ardhi yenye rutuba. Safari hii, kwa bahati njema, hatuhitaji kwenda hata huko. Maneno yamo katika Kiswahili cha kila siku. Yanalotaka ni kugawiwa kazi zao. Ninapendekeza yafuatayo:

Programu huria: programu ambayo msimbo chanzo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa.

Uthibitishaji wa msanidi: kuhakikisha kwamba msanidi ndiye yule anayedai kuwa. Neno hili lisifupishwe kuwa "uthibitishaji wa programu".

Usajili wa furushi: kuandikisha jina la furushi na ufunguo wake kwa msimamizi wa mfumo.

Ukaguzi wa programu: kuichunguza programu, kwa mtu au kwa mashine, ili kuona kama ina madhara.

Uhakiki wa msimbo: kuusoma msimbo chanzo kwa makini na kuutolea maoni. Hapa neno uhakiki limerudi nyumbani, na halitumiki kwa programu ambayo msimbo wake umefichwa.

Usakinishaji wa nje ya duka: kuingiza programu katika simu bila kupitia duka rasmi. Badala ya "chanzo kisichojulikana" isemwe "chanzo kisichosajiliwa".

Kurusha: kutuma faili au programu kutoka simu moja hadi nyingine iliyo karibu. Neno hili halikuundwa na kamati yoyote. Nililisikia sokoni Lushoto kama nilivyolisikia Dar es Salaam, "nirushie" na "nimekurushia", na sioni sababu ya kutafuta jingine.

Hitimisho

Pengine atatokea mtu aseme kwamba haya ni mabishano ya maneno tu. Naomba akumbuke kwamba mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Katika mji huo huo wa Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambacho huwaandaa watu watakaozitafsiri sheria hizo mbele ya wananchi. Siku itafika ambapo mtu atashtakiwa, au atadai fidia, kwa sababu ya programu iliyoingizwa katika simu. Hakimu atatazama neno lililoandikwa katika kanuni. Likiwa ni "uhakiki", mwenye duka ataonekana ameahidi usalama ambao hakuuahidi, na mwalimu wa kijijini ataonekana amekosa uangalifu ambao hakuukosa.

Mwalimu yule nilimjibu kwa maandishi, nikampa pia sentensi ambayo ingefaa kuchukua nafasi ya ile ya waraka. Naiweka hapa ili watumishi wenye kuandaa nyaraka kama hizo waitumie, au waiboreshe:

"Kabla ya kusakinisha programu yoyote, ujue imetoka kwa nani na imekaguliwa na nani. Programu ambayo msanidi wake amethibitishwa si lazima iwe salama, na ile ambayo msanidi wake hajathibitishwa si lazima iwe na madhara."

Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ya kwanza. Lakini ile fupi ilikuwa imechanganya mambo matatu kuwa moja, na wajibu wa mfasiri ni kuyatenga. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa walimu walio mbali na miji ambao huyasikia maneno kabla yetu, wanaombwa wayalete kabla orodha hii haijapelekwa kusanifishwa.